Je, Hadithi za Kutisha Zafaa Nyumbani Mwetu?

Liko swali ambalo wazazi wengi hujiuliza, hata kama hawalitamki. Mtoto amemaliza kazi ya shule, amekula, na badala ya kwenda kulala yuko pembeni na kitabu cha mizimu na wanyonya damu, ama anatazama sinema ya namna hiyo katika simu ya kaka yake. Kesho yake aogopa kutoka uani peke yake baada ya jua kuchwa, na hata hivyo akitafuta kitabu kile kile. Je, ni halali kumwachia? Na mtu mzima mwenye akili timamu na imani yake, je, afanya vema kujifurahisha kwa hofu?

Majibu mepesi yako mawili. Wako wasemao: hayo ni mambo ya shetani, kitabu kitiwe moto na simu ifungiwe kabatini. Wako wengine wasemao: huo ni upuuzi mtupu, mtoto akikua utamtoka, mwacheni. Twaona kwamba wote wawili wanaikwepa kazi. Mwenye kuchoma kitabu amesahau kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwa hadithi za zimwi, na pengine ushujaa wake wa kwanza aliupata akiwa amejifunika blanketi, akisikiliza sauti ya bibi. Mwenye kusema ni upuuzi amesahau kwamba hadithi ya kutisha ina nguvu ya kumwondolea mtu busara, na kwamba katika nchi hii yetu watu wasio na hatia wameuawa kwa sababu ya hadithi. Jambo hilo tutalifikia. Kwanza twamwomba msomaji afuatane nasi katika kitabu kimoja, kwa maana haifai kuhukumu hadithi zote kwa jumla bila kuifungua hata moja.

Kitabu chenyewe chaitwa Dracula. Mwandishi wake ni Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin katika nchi ya Ayalandi, aliyezaliwa mwaka 1847 akafa mwaka 1912. Kwa miaka mingi alikuwa meneja wa jumba la michezo liitwalo Lyceum, mjini London, akimtumikia mwigizaji mashuhuri Henry Irving. Riwaya yake ilitolewa mwaka 1897, na tangu hapo imegeuzwa michezo ya jukwaani na sinema nyingi, hata walioisikia ni wengi kuliko walioisoma. Nayo ndiyo hasara yake. Watu wamelijua jina, wameyajua meno marefu na joho jeusi, lakini mafundisho yaliyomo hawayajui.

Kwa ufupi habari ni hii. Mwanasheria kijana, Jonathan Harker, atumwa kutoka Uingereza hadi milima ya Transylvania, ambayo leo imo katika nchi ya Romania, akamkamilishie bwana mmoja wa ukoo wa kale ununuzi wa nyumba karibu na London. Bwana huyo ni Count Dracula. Kijana akaona ajabu moja baada ya nyingine: mwenyeji wake hali chakula pamoja naye, wala sura yake haionekani katika kioo cha kunyolea. Mwishoni akatambua kwamba yumo kifungoni, na kwamba aliyemfunga ni mfu asiyekufa, ambaye huishi kwa kunywa damu ya walio hai. Dracula akasafiri kwa merikebu pamoja na masanduku 50 yenye udongo wa kwao, maana hawezi kupumzika ila katika udongo huo. Merikebu ikatua pwani ya Whitby bila baharia hata mmoja aliye hai. Nahodha alikuwa maiti, mikono yake imefungwa kwenye usukani. Kisha msichana mmoja, Lucy, akaanza kufifia siku hata siku. Wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, walimtolea damu yao, lakini kila walichomtilia usiku ulikichukua. Akafa. Daktari mzee kutoka Uholanzi, Van Helsing, ndiye aliyeng'amua ni adui gani aliyekuja. Basi watu sita wakafungamana, wakamwandama Dracula mpaka wakamrudisha kwao, wakammaliza mbele ya ngome yake jua likituа.

Kwa nje hiyo ni hadithi ya kutisha, ya fumbo na safari. Lakini mambo matatu yaliyomo yatuhusu sana.

La kwanza ni habari ya mlango. Katika kitabu hiki iko sheria moja ambayo sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu twaielewa kabla haijafafanuliwa. Mnyonya damu, pamoja na nguvu zake zote, hawezi kuingia nyumbani mara ya kwanza mpaka mmoja wa watu wa nyumba hiyo amkaribishe. Huweza kugeuka popo, mbwa mwitu au ukungu. Huweza kupenya katika ufa mwembamba. Lakini asipoambiwa karibu, hubaki nje. Hata katika ngome yake mwenyewe alisimama kimya kama sanamu, akangoja Harker akivuke kizingiti kwa hiari ya nafsi yake. Alipokwisha kuvuka ndipo akamrukia mkono kumwamkia.

Ni nani basi aliyemkaribisha katika nyumba ya watu wema wale sita? Ni mgonjwa wa akili, jina lake Renfield, aliyekuwa akitunzwa katika hospitali ya rafiki yao, Daktari Seward. Renfield alikuwa akila nzi na buibui, akiamini kwamba kila uhai anaoumeza waongeza uhai wake. Dracula akamjia dirishani, akamwonyesha panya kwa maelfu, akamwahidi kwamba wote watakuwa wake. Kwa bei hiyo Renfield akafungua dirisha, akamwita ndani kama mtumishi amwitavyo bwana wake.

Msomaji atacheka: panya! Walakini na atazame bei ambazo sisi wenyewe twalipwa. Karani auza sahihi yake kwa karamu ya jioni moja. Kijana aiacha heshima ya nyumba ya wazazi wake kwa ajili ya simu mpya. Ndugu wavunja undugu kwa kipande cha shamba ambacho hakuna hata mmoja wao atakayekilima. Uovu ukija na pembe na harufu ya kuzimu, nani angeufungulia? Huja na kitu kile hasa ambacho mtu mwenyewe amekwisha kukitamani, nao hungoja nje kwa adabu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kitabu hiki chaongeza kwamba kabla hakijawa nguoni kilipiga hodi, na mtu akaitikia.

Yafaa tukumbuke pia mwisho wa Renfield. Alipotambua kwamba mama yule aliyemzungumzisha kwa upole, Mina, mkewe Harker, ndiye anayenyonywa damu, alimkamata Dracula kwa mikono yake mitupu ili kumzuia. Akavunjwa mifupa, akafa. Tena kabla ya kukata roho alieleza yote aliyoyafanya, na maelezo yake ndiyo yaliyowawezesha wengine kumkimbilia Mina. Mtu aliyeufungua mlango kwa tamaa alijaribu kuufunga kwa mwili wake. Hiyo yatosha kumfundisha kijana kwamba aliyekosa hakatazwi kugeuka.

Jambo la pili ni habari ya kunyamaza. Lucy alipougua, Van Helsing aliagiza maua ya kitunguu saumu yawekwe chumbani mwake, na dirisha lifungwe. Lakini mama yake Lucy alikuwa na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo hakuambiwa sababu, asije akashtuka akafa. Usiku yule mama akaingia chumbani, akaona hewa ni nzito, akayaondoa maua na kufungua dirisha ili mwanawe apumue vizuri. Alitenda kwa upendo wa mama, na kwa upendo huo huo akampa adui nafasi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kulikuwa na kimya tu.

Baadaye watu wale wale wakairudia njia ile. Mina ndiye aliyekusanya barua zote, magazeti na vitabu vya kumbukumbu za kila siku, akavipiga chapa kwa mashine ya taipu na kuvipanga kwa tarehe. Bila kazi yake wasingalijua adui yuko wapi. Lakini kazi ilipokuwa tayari, wanaume wakakata shauri kwamba mambo haya ni mazito kwa mwanamke, wakamwambia akalale. Wakaacha kumweleza. Yeye naye, akiona wamechoka, akawaficha ndoto mbaya alizokuwa akiota. Usiku ule walipotoka kumtafuta Dracula katika nyumba yake, Dracula alikuwa katika nyumba yao.

Ni nyumba ngapi kati yetu zinazoishi hivyo? Baba ana deni lisilosemwa. Binti ametishwa na mtu mzima wa jirani, naye anyamaza ili mama asiumie. Mama amejua ugonjwa wake tangu mwezi wa tatu, na watoto watauona mwezi wa tisa. Kila mmoja amhifadhi mwenzake kwa kimya, na gizani mwa kimya hicho ndimo madhara yanamopata nguvu. Watu wa kitabu hiki hawakuanza kushinda mpaka siku walipoapa kwamba hawatafichana neno tena.

Jambo la tatu ni habari ya kupeleleza. Dracula hakushindwa kwa misalaba na vitunguu peke yake. Alishindwa pia kwa kitabu cha saa za treni, kwa hati za wachukuzi wa mizigo, kwa hesabu ya masanduku: 50 yaliyofika, 49 yaliyopatikana na kuharibiwa, moja lililobaki. Daktari Seward, mtu wa sayansi, alipoambiwa mara ya kwanza kwamba Lucy aliyezikwa hutembea usiku, alighadhabika. Wala mwalimu wake hakumlazimisha kuamini. Alimchukua makaburini. Usiku wa kwanza wakakuta jeneza tupu, na Seward akasema huenda ni wezi wa maiti. Wakarudi mchana, wakaikuta maiti mahali pake. Wakarudi tena usiku, wakiwa na mashahidi. Mpaka hapo hakuna aliyeguswa. Walingoja ushahidi utimie, ingawa kila siku ya kungoja iliwauma.

Na katika lugha yetu wenyewe tunalo jambo lililo karibu na hilo. Mwaka 1960 kilitolewa kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kiitwacho Mzimu wa Watu wa Kale, ambacho kilikuwa kimeshinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958. Humo mtu amekutwa amekufa mahali pa mzimu, na hofu imewaenea watu. Lakini mpelelezi, Bwana Msa, hatosheki na hofu. Auliza, atazama, apima maneno ya kila mtu, mpaka aonyesha mkono wa binadamu mahali ambapo wengine waliuona mkono wa mzimu. Vitabu hivi viwili vyaelekea pande mbili, kwa maana katika kimoja nyuma ya mzimu yumo mtu, na katika kingine nyuma ya mtu yumo mfu. Hata hivyo njia yao ni moja: hapana hukumu kabla ya uchunguzi.

Sasa twalifikia lile tuliloahidi. Wanyonya damu hawakubaki katika vitabu vya Ulaya. Hapa Afrika Mashariki tangu zamani liko neno mumiani. Asili yake lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyoletwa kutoka nchi za Uajemi na Uhindi. Watu wakaamini kwamba dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na jina likahamia kwa wale waliodhaniwa kuitafuta damu hiyo. Katika miaka ya ukoloni watu wa Nairobi, Kampala na miji mingine waliambiana kwamba wazimamoto na gari lao jekundu hukamata watu usiku ili wakamuliwe damu. Ukoloni ulikwisha, neno halikufa.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, walifika watu watatu kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Arusha: watafiti wawili na dereva wao. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu. Umati ukakusanyika, ukawaua wote watatu, na gari lao likateketezwa kwa moto. Mwaka uliofuata, 2017, katika wilaya za kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo hiyo ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya raia, hata serikali ikapiga marufuku kutembea usiku, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya mbili.

Watafiti wale walikuwa wakichota udongo ili mkulima ajue apande nini. Waliwaacha jamaa zao. Na waliowaua hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kijiji, wenye mashamba na mifugo, na kila mmoja aliyetwaa panga au jiwe siku ile aliamini kwamba anawalinda wanawe. Hilo ndilo lifanyalo jambo hili kuwa zito. Hofu iliwapa dhamiri safi ya kutenda ovu.

Hapa mpinzani atatushika. Atasema: Kumbe mnajipinga wenyewe. Katika kitabu mnachokisifu, wanavijiji wa Transylvania ndio waliokuwa na haki! Walisema yuko mnyonya damu, na kweli yuko. Kijana msomi wa Uingereza aliwadharau, akaingia mtegoni. Je, kitabu hicho hakiwafundishi watu kuuamini uvumi?

Swali ni la haki, nalo lataka jibu. Tazama wanavijiji wale walitenda nini. Alifika kwao mgeni, aendaye kwenye nyumba waliyoiogopa kuliko zote duniani. Wangeweza kusema kwamba ni mtu wa Dracula, ametumwa naye, tummalize. Hawakusema hivyo. Mama mwenye nyumba ya wageni alipiga magoti kumsihi asiende. Alipoona hasikii, akavua rozari yake shingoni akamvika. Harker, aliyelelewa katika Kanisa la Uingereza, aliona kitu kile kama ibada ya sanamu, lakini aliona vibaya kumkatalia mama mzee aliyemwonea huruma. Hofu ya wale watu ilitoka mikononi mwao ikiwa zawadi kwa mgeni. Hofu ya Mvumi ilitoka ikiwa panga juu ya mgeni. Zote mbili ni hofu ya mnyonya damu, na tofauti yake ni kubwa kama ilivyo tofauti ya kuponya na kuua.

Lakini hatutaki kukisifu kitabu kuliko kinavyostahili. Kina kasoro, na msomaji Mkristo hana budi kuziona. Kasoro ya kwanza ni kwamba ubaya wote waja kutoka nchi ya mbali, kwa mtu mwenye lafudhi ngeni, na watu wa kabila la Wajipsi wasimuliwa kwa dharau, kana kwamba kutumikia uovu ni asili yao. Uingereza ya siku zile ilikuwa na hofu ya wageni, na mwandishi hakujiepusha nayo. Msomaji asiye macho aweza kutoka humo na mbegu ile ile iliyoota Mvumi.

Kasoro ya pili yatugusa zaidi. Van Helsing aichukua Hostia takatifu, aivunja, aichanganya kama udongo wa kuzibia nyufa za kaburi, na asema kwamba amepewa rehema ya kufanya hivyo. Stoker alilelewa katika Kanisa la Kiprotestanti la Ayalandi, na hapa yaonekana hakuelewa. Rehema katika mafundisho yetu ni ondoleo la adhabu ya muda iliyobaki baada ya dhambi kusamehewa. Haimpi mtu ruhusa ya kuitumia Ekaristi kama dawa ya kienyeji. Wala kosa hilo si la Stoker peke yake. Wako Wakatoliki wavaao rozari kama hirizi, waiwekao medali chini ya kizingiti kama kinga ya mganga, na kuyanyunyiza maji ya baraka huku hawajasema na jirani yao tangu mwaka jana. Vitu vitakatifu ni alama za imani na upendo. Vikiondolewa imani na upendo, mtu hubaki ameshika mbao na shanga. Rozari ya mama yule ilikuwa na maana kubwa kabla haijamgusa mnyonya damu yeyote, kwa kuwa ilitolewa kwa huruma.

Basi hadithi na uvumi hutengana wapi? Wazee wetu walilijua hilo. Bibi hakuanza kusema habari za zimwi vivi hivi. Pwani alisema Paukwa, nasi tukaitika Pakawa. Bara alisema Hadithi, hadithi, nasi tukaitika Hadithi njoo. Maitikio yale yalikuwa kizingiti. Kwa kuyaitika tulijua kwamba tunaingia mahali ambapo zimwi linaweza kummeza mtu na mtu akatoka tumboni mzima, na kwamba kesho jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni atakuwa jirani yetu yule yule. Uvumi hauna Paukwa. Huja na jina la kijiji, rangi ya gari, na maneno kwamba shemeji wa fulani ameona kwa macho. Siku hizi huja katika simu, na kwa kidole kimoja wafika kwa watu mia kabla ugali haujaiva. Tena huja na methali mkononi: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, lakini imesababisha maafa. Liko lisemwalo ambalo halipo, nalo huja kweli pale tu watu wanapolitenda wenyewe kwa mikono yao. Kule Mvumi hapakuwa na mwaga damu mpaka wenye kumwogopa walipomwaga damu.

Kwa hiyo wazazi wakituuliza, jibu letu ni hili. Mtoto mdogo, ambaye bado hawezi kutenga ndoto na mchana, asipewe hofu asiyoweza kuibeba. Kumnyima si ukali. Kijana aliyekua asikatazwe, lakini asiachwe peke yake. Mzazi na asome naye, au akae naye mbele ya sinema hiyo, kisha amwulize maswali mepesi: Aliyeumizwa alifikwaje? Ni nani aliyefungua mlango, na kwa bei gani? Ni nani aliyenyamaza wakati ilipompasa kusema? Walijuaje ukweli, kwa kuchunguza au kwa kusikia? Na kitabu kinapofungwa, wewe unamwogopa nani?

Swali hilo la mwisho ndilo kipimo. Ikiwa kijana atajibu kwamba anamwogopa yule kikongwe wa nyumba ya tatu, au mgeni aliyepanga juzi sokoni, basi hadithi hiyo imemdhuru, hata kama ina misalaba katika kila ukurasa. Ikiwa atajibu kwamba anaiogopa tamaa yake mwenyewe, imemfaa, hata kama ina popo na makaburi.

Liko neno moja zaidi ambalo sinema nyingi zimeliacha. Katikati ya vita, Mina, ambaye damu yake ilikuwa imekwisha kunyonywa na paji la uso wake lilikuwa limeungua kwa kuguswa na Hostia, aliwaambia wanaume wale wasimwinde adui kwa chuki. Aliwataka wamhurumie hata yeye, kwa maana roho yake ndiyo iliyo katika msiba mkubwa kuliko zote. Mumewe alikasirika. Lakini siku Dracula alipoangamia, Mina aliona usoni pake, kwa kitambo kidogo kabla mwili haujawa vumbi, amani ambayo hakuwahi kudhani ingeweza kuonekana pale.

Ndugu msomaji, ikiwa katika hadithi ya kubuniwa mwanamke aliyejeruhiwa aliweza kumwombea mnyonya damu wa kweli, itakuwaje sisi, katika vijiji vyetu halisi, tumnyime huruma mtu ambaye kosa lake ni kufika na gari na chepe? Mgeni akifika kijijini kwenu kesho, na mtu akaanza kunong'ona, usikimbilie panga wala simu. Mpelekee mgeni maji ya kunywa, umwulize jina lake na kazi iliyomleta, kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji. Huenda maneno hayo machache yakaokoa maisha ya mtu, na nafsi za kijiji kizima.